Maporomoko Huonwa Kiangazi

Mwezi wa Mei, mvua ikishakolea, mlima Elgon hutiririka kila upande. Kuanzia Cheptais hadi Kapsokwony kila korongo hupata maporomoko yake, maji ya rangi ya udongo yakishuka kwa kishindo, na vijana wa Bungoma hupanda pikipiki kwenda kupiga picha. Kufikia Jumapili jioni picha hizo zimeshafika Nairobi na Mombasa. Sina ugomvi na picha wala na vijana. Ila poromoko la Mei halikuambii lolote kuhusu msitu ulio juu yake, kwa kuwa mvua ikinyesha ya kutosha hata paa la mabati huangusha maji. Anayetaka kuujua mlima huu aende Januari au Februari, mabua ya mahindi yakiwa yamekauka na vumbi la barabara limepaka kila jani. Apande kwa miguu hadi ndani ya msitu, atafute maporomoko madogo yaliyojificha huko, atazame kama bado yanaanguka. Maji ya Februari hayakutoka mawinguni jana. Yamelala ardhini miezi kadhaa, na msitu ndio ulioyalaza.

Nilianzia safari chini, Lwakhakha. Ni mji wa mpakani katika eneo bunge la Sirisia, kaunti ya Bungoma, na mto wenye jina hilo hilo ndio mpaka wenyewe. Ukisimama darajani, nyuma yako ni Kenya, mbele yako ni wilaya ya Namisindwa nchini Uganda. Wanaoishi pande mbili hizo ni ndugu. Wabukusu wako huku, Wamasaba kule, lugha zao zinasikilizana, na harusi na matanga huwavusha mto mwaka mzima. Huko juu zaidi Wasabaot wa Kenya nao wana ndugu zao Wasabiny upande wa Kapchorwa.

Februari mto hupungua hadi mawe yake yanakauka migongo. Chini ya daraja akina mama walikuwa wanafua, vijana wa bodaboda wanaosha pikipiki, na mzee mmoja anavuka na mbuzi wake, suruali imekunjwa magotini. Hatua chache juu ya wafuaji, mahali ambapo maji yalikuwa bado safi, mama mmoja mkongwe alikuwa anajaza mtungi kwa kikombe cha plastiki, taratibu, asitibue mchanga. Nikamwita kukhu, kama aitwavyo kila mama wa rika lake hapa, tukasalimiana kwa mulembe. Alipotaka kujua ninakokwenda, nikamwambia naenda kutafuta maporomoko mlimani. Akastaajabu. Mwanangu, aliniuliza, unapandia nini huko wakati hata mto wenyewe umenyong'onyea? Nikamjibu kwamba kunyong'onyea huko ndiko kunakonipeleka. Akacheka, akaniomba nimwinulie mtungi kichwani.

Watu wa umri wake wanaikumbuka Lwakhakha ya pilikapilika nyingine. Baridi kali iliyochoma mikahawa ya Brazil mwaka wa 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na wakulima wa Uganda ya Idi Amin, waliokuwa wakilipwa kidogo mno kwao, wakaanza kupitisha magunia upande huu. Soko dogo la Chepkube, jirani na hapa, likawa jina la kutajwa Kenya nzima kati ya 1976 na 1978. Kahawa ilivuka mto usiku, kwa punda na kwa migongo ya watu. Utajiri ule ulikuja na kuondoka. Mto umebaki, na kwangu mimi ndio mali kubwa zaidi, ingawa hakuna aliyewahi kuubebea bunduki.

Fuata maji haya kidogo, maana safari yake ni ya ajabu. Lwakhakha hushuka hadi Malaba, Malaba huingia Uganda na kulisha Mpologoma, na Mpologoma hujimwaga katika Ziwa Kyoga. Upande wa mashariki wa mlima huo huo, karibu na Kitale, mito kama Koitobos hulisha Nzoia. Nzoia hupita Webuye, huanguka Nabuyole, hukata Bungoma na Kakamega na kuingia Ziwa Victoria. Kutoka Victoria maji huchukuliwa na Naili pale Jinja, nayo Naili hupita Kyoga. Kwa hiyo matone mawili yaliyotengana kileleni, moja likaenda Lwakhakha na jingine Trans Nzoia, yanaweza kukutana tena Uganda baada ya mzunguko mrefu mno. La tatu halirudi. Mto Suam huchota maji ndani ya shimo la kileleni, hugeuka kuwa Turkwel, huzungusha mitambo ya umeme ya bwawa la Turkwel na kuishia Ziwa Turkana, ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Mlima mmoja unanywesha maziwa matatu, na wafugaji wa Lodwar wasiowahi kuona mwanzi wala podo wanaishi kwa mvua iliyonyesha juu ya msitu wa watu wengine.

Elgon ni volkano iliyozimika zamani sana. Inaaminika ilianza kulipuka zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, kabla ya Kilimanjaro na mlima Kenya kuwapo. Huenda iliwahi kuwa ndefu kuliko zote mbili. Leo kilele chake cha juu, Wagagai, kiko Uganda, mita 4,321. Sudek, mita 4,302, kiko mpakani. Koitobos, mita 4,222, kiko Kenya. Wabukusu na Wamasaba huuita mlima huu Masaba. Wafuasi wa Dini ya Msambwa, iliyoongozwa na Elijah Masinde hadi kifo chake mwaka wa 1987, waliutazama kama mahali patakatifu, na wazee wengi wasio wa dini hiyo wanautaja kwa sauti ya heshima vilevile.

Kutoka Lwakhakha nilipanda matatu kwenda Chwele, kisha Kimilili, hadi Kamukuywa kwenye barabara kuu ya Webuye na Kitale. Njia yote mlima uko kushoto kwako, mpana kiasi cha kumchanganya mgeni. Hauna ncha kama Kilimanjaro. Ni mteremko mrefu wa buluu unaopanda polepole hadi kupotelea katika ukungu, na msafiri anaweza kuupita mchana kutwa asijue kwamba ameuona. Ukizingatia rangi unasoma mengi. Chini ni kahawia ya mashamba yaliyovunwa. Katikati ni kijani iliyochanika viraka viraka. Juu kabisa ni kijani nzito, nyeusi karibu, na huko ndiko nilikokuwa naelekea.

Maporomoko niliyoyachagua yako Makingeny, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka wa 1968 na ina kilomita za mraba 169, ukanda mwembamba unaoanzia msituni na kupanda hadi kileleni. Lango lake kuu ni Chorlim, mwendo wa chini ya saa moja kutoka Kitale, kupitia Endebess na mashamba makubwa ya mahindi na mbegu yaliyoachwa na walowezi. Wengi wanaofika Chorlim wana jina moja mdomoni, Kitum, pango ambalo tembo huingia usiku kula chumvi. Makingeny ni jirani yake, na ni pana kuliko Kitum, lakini halina sifa hiyo ya tembo duniani. Lina kitu ambacho Kitum halina. Mbele ya mdomo wake, kutoka ukingo wa mwamba ulio juu, kijito huanguka.

Unapoingia msituni kutoka kwenye jua la Endebess, kitu cha kwanza kubadilika ni hewa. Uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na kivuli kina baridi ya kweli. Askari wa wanyamapori aliyetangulia, bunduki begani, mimi na mwenzangu wa safari tulimwita afande kama desturi, naye alituomba tusiongee sana kwa sababu ya nyati. Alisimama mara kwa mara, si kutupumzisha bali kusikiliza. Njia ilipita chini ya mipodo mikubwa, mashina yake yamenyooka mpaka shingo inauma kuyafuata, na mizeituni ya Elgon ambayo wenye viwanda vya mbao waliitamani tangu ukoloni. Juu ya matawi, mbega walitutazama, weusi na weupe, mikia imening'inia. Kulukulu alilia mahali fulani kwa ile sauti yake nzito, akaruka, na wekundu wa mabawa yake ukaonekana na kupotea.

Nilichokuwa nakitazama zaidi ni chini. Mahali ambapo mwenzangu aliona majani makavu tu, niliinama nikayafunua kwa kijiti. Tabaka la juu lilikuwa kavu, linavunjika. La chini yake lilikuwa laini, limeshikamana, lina nyuzi nyeupe za uyoga. Chini zaidi nilikuta udongo mweusi, na ule udongo, Februari, baada ya wiki nyingi bila mvua ya maana, ulikuwa baridi na unyevu hata ukaniachia rangi vidoleni. Nilifanya hivyo tena pembeni ya barabara ya gari, mahali palipokosa kivuli. Hapo kijiti hakikuingia.

Hiyo ndiyo siri yote, wala si siri. Tone la mvua likianguka juu ya shamba tupu hupiga udongo, huuziba, na kuteleza kwenda chini na chembe zake. Saa chache baadaye liko mtoni Lwakhakha likiwa jekundu, na kesho yake limeshapita Malaba. Tone hilo hilo likianguka juu ya mpodo hugongana na majani, huteremka kwenye shina, huingia katika majani yaliyooza na kufuata mianya iliyofunguliwa na mizizi na minyoo. Udongo wa Elgon ulitokana na majivu ya volkano, ni mwepesi kunywa. Maji hushuka humo taratibu hadi yakutane na mwamba usiopitisha, kisha hutambaa kando kutafuta mahali pa kutokea. Safari hiyo huchukua majuma, pengine miezi. Huko juu zaidi, kwenye ukanda wa mianzi na ile miti mizee yenye ndevu za kuvu, msitu huongeza kazi nyingine. Hunasa ukungu na kuudondosha kama maji hata siku ambayo haikunyesha. Kwa hiyo maji ya Oktoba na Novemba hutoka chemchemini Februari, wakati yanahitajika kuliko wakati wowote.

Kabla hujaiona Makingeny unaisikia, na Februari unaisikia kwa shida. Haikuwa ngurumo. Ilikuwa kama watu wengi wanaonong'ona nyuma ya ukuta. Njia ikapinda, miti ikaachana, na mbele yetu ukafunguka mdomo wa pango, mpana kuliko nyumba yoyote ya ibada ya Kitale, na mbele ya giza lile maji yalikuwa yanashuka. Upande wa kulia palikuwa na pazia jembamba, linayumba upepo ukipita. Kushoto ilikuwa nyuzi tu, na mwisho kabisa matone, kila moja linaonekana peke yake likiacha ukingo na kulifuata jua hadi chini. Madoadoa ya nuru yalicheza ukutani. Mawe yaliyopokea maji yalikuwa yamevaa kuvumwani na magugu ya maji, kijani kibichi kabisa, na pale penye matope palikuwa na alama za kwato za nyati zilizojaa maji safi.

Nilikaa hapo muda mrefu kuliko afande alivyotarajia. Mwenzangu alitamani yangekuwa makubwa zaidi. Mimi sikutamani. Kilomita chache chini ya pale, nje ya lango, wakulima wa Endebess walikuwa wanangoja mvua mbele ya ardhi iliyopasuka, na hapa maji yalikuwa yanaanguka usiku na mchana bila kumwomba mtu. Kila uzi wa maji ule ulikuwa mvua ya mwaka uliopita inayolipwa kwa awamu.

Umbo la mahali lenyewe lina hadithi ndefu. Juu pana lava ngumu, ndiyo inayofanya ukingo. Chini yake pana tabaka laini la majivu na mawe yaliyogandamana, lenye chumvichumvi za sodiamu. Maji yanayoanguka hula tabaka laini na kuliacha lile gumu limening'inia, na watafiti wa miamba hutaja mmomonyoko huo nyuma ya maporomoko kuwa miongoni mwa vianzio vya mapango ya Elgon. Kisha wakaja wenye njaa ya chumvi. Tembo wa Elgon hupiga ukuta kwa pembe, huangusha vipande, huvisaga kwa magego, vizazi kwa vizazi, na mapango yakazidi kuingia ndani. Nyati na pongo hulamba walichoacha. Alama za pembe zipo ukutani hadi leo, mifereji sambamba iliyolainika. Uwindaji haramu wa miaka ya 1980 uliwapunguza tembo hao vibaya, na waliosalia ni waoga na wanatembea usiku.

Watu nao waliishi humu. Joseph Thomson, Mskoti aliyefika Elgon mwishoni mwa mwaka wa 1883, alikuta familia pamoja na ng'ombe wao ndani ya mapango, wamejenga vibanda na maghala, wamejikinga na maadui na baridi. Alivutiwa sana na ukubwa wa mapango hayo, akaamini yalichimbwa na watu wa kale. Kwa Wasabaot hapakuwa na fumbo. Pango lenye maji mdomoni ni nyumba iliyokamilika, ina ukuta, ina chumvi ya mifugo na ina bomba mlangoni.

Neno moja la tahadhari, na nalisema kwa uzito. Mwaka wa 1980 Mfaransa mmoja aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya alizuru Kitum, akaugua na kufariki Nairobi kwa homa ya Marburg. Daktari Shem Musoke aliyemhudumia aliambukizwa, akapona. Mwaka wa 1987 kijana wa Kidenmaki aliyekuwa ameingia pango hilo hilo naye alikufa kwa ugonjwa huo. Baadaye virusi vya Marburg viligunduliwa kwa popo wala matunda wa Kitum. Popo wanaishi pia Makingeny, na harufu ya kinyesi chao inakufikia hata ukiwa nje. Hakuna sababu ya mtu aliyekuja kuona maporomoko kuingia gizani. Maji yako mlangoni. Yafurahie hapo, usiguse kuta wala kinyesi, usiwatibue popo, na watoto wawe mkononi.

Tulipopanda kando ya mwamba hadi juu ya pango, niliona kile nilichokuja kukiona. Kijito chenyewe. Nilikivuka kwa hatua moja bila kulowa. Kilikuwa kinatambaa kati ya mizizi, kinapotea chini ya majani, kinatokea tena, na pande zote mbili miti ilikuwa imesimama karibu karibu kiasi kwamba jua lilifika majini kwa vipande. Poromoko zima, pango zima na sifa zote zinakitegemea kijito hicho cha upana wa jembe. Ukikata miti ya pale juu huhitaji kugusa chochote huku chini. Poromoko litakufa lenyewe.

Ndiyo maana naudhika kila nisikiapo mipango ya kuendeleza maporomoko ya Bungoma na Trans Nzoia. Huanza na lango, ngazi za saruji, viti, uzio, choo na kibanda cha soda. Vyote hujengwa chini, mahali maji yanapoangukia. Choo kinahitajika, sikatai, na vijana wanaoongoza wageni wanastahili malipo ya haki. Lakini shilingi ya kwanza iende juu ya poromoko. Ilipe walinzi wa chemchemi, irudishe miti ya asili kwenye kingo za vijito badala ya mikalitusi inayokunywa maji, iwape wakulima wa miinuko sababu ya kutolima hadi kwenye maji. Poromoko lenye ngazi nzuri na kijito kilichokauka ni jengo la serikali tu.

Kingo hizo zimepita mengi. Msitu wa Elgon upande wa Kenya ulitangazwa hifadhi ya serikali mwaka wa 1932, bila kuwauliza waliokuwa wakiishi humo. Kuanzia mwaka wa 1971 Waogiek, waliokuwa miongoni mwao, walianza kuhamishwa kutoka Chepkitale kupelekwa Chepyuk, eneo lililokatwa msituni kwa makazi. Ugawaji wa mashamba ya Chepyuk ulizaa kinyongo kilichorundikana hadi kikalipuka katika machafuko ya 2006 hadi 2008, wakati wa kundi la wanamgambo la SLDF na baadaye operesheni ya jeshi iliyoitwa Okoa Maisha. Watu wa Kopsiro na Cheptais hawahitaji kukumbushwa, na wapo wanaowatafuta ndugu zao mpaka leo. Mtembezi anayepanda huko akitafuta mandhari ajue anapita penye makaburi na penye kesi, asalimie kwanza, aombe njia kwa wenyewe.

Chepkitale yenyewe ndiyo sehemu inayonipa matumaini. Waogiek walirudi huko juu, kwenye nyasi zilizo juu ya msitu, na ng'ombe wao na mizinga ya nyuki. Mwaka wa 2000 serikali iliitangaza ardhi hiyo hifadhi ya wanyama, wakawa wavamizi kwenye ardhi ya babu zao. Walikwenda mahakamani. Tarehe 26 Septemba 2022, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua kwamba tangazo hilo lilikiuka sheria. Wakati kesi ikiendelea, jamii ilikuwa imeshaandika kanuni zake, na kuchoma makaa ni miongoni mwa yaliyokatazwa. Ukiangalia mlima ukiwa Kapsokwony, makaa na mbao ndivyo vilivyochana viraka kwenye kijani, si mizinga ya nyuki. Asali inamtaka mwenye mzinga kuuacha mti umesimama na unachanua. Mtu huyo ana masilahi na msitu kila msimu, zaidi ya askari yeyote atakayehamishwa mwaka ujao.

Serikali nayo imefanya sehemu yake, kwa kusitasita. Februari 2018 ukataji miti katika misitu ya umma ulisimamishwa nchi nzima, na sababu iliyotajwa ilikuwa mito iliyokuwa ikikauka. Julai 2023 marufuku hayo yaliondolewa, mabishano yakaishia mahakamani. Mbao za misitu ya kupandwa zina wakulima na viwanda wanaozitegemea, hilo naelewa. Msitu wa asili uliofunika kijito sioni kwa nini ujadiliwe.

Huko ng'ambo, majirani wamekwisha kuweka pesa kwenye hoja hii. Upande wa Uganda, juu ya mji wa Lwakhakha, kuna kituo cha umeme cha megawati 6.7 kinachotumia mteremko wa mto huu. Hakina bwawa kubwa la kuhifadhi maji. Kinachukua mto ulivyo, kinaupitisha kwenye mabomba na mitambo, kinaurudisha. Mto ukipungua, umeme unapungua siku hiyo hiyo. Ghala la kituo hicho ni msitu wa Elgon, na ukingo mmoja wa mto ni wa Uganda, mwingine ni wa Kenya. Anayekata mti Cheptais anaweza kufifisha taa Namisindwa.

Msitu ukiondoka mteremkoni, maji hayapungui kiangazi tu. Huja na mlima masika. Machi 2010 udongo ulioloa ulishuka usiku juu ya kijiji cha Nametsi, wilaya ya Bududa, jirani kabisa na nchi ya Lwakhakha, na waliofukiwa waliripotiwa kwa mamia. Oktoba 2018 Bududa ilizika tena. Miteremko ile ni mikali kwa asili, na mvua zile zilikuwa kubwa. Lakini ardhi iliyokatwa mizizi mirefu na kulimwa hadi kwenye kingo haina cha kuishikilia, na wenyeji wa Chesikaki, upande wetu wa Kenya, wanaotazama nyufa kila Mei wanalijua hilo bila kuandikiwa ripoti.

Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, mto hurudi kuwa kitovu cha maisha ya Wabukusu. Kijana anayetahiriwa hupelekwa mtoni alfajiri, maji yakiwa baridi kuliko wakati wowote, hupakwa matope mwili mzima, na hurudi nyumbani akikimbizwa na nyimbo kwenda kusimama mbele ya kisu. Wamasaba ng'ambo hutahiri miaka hiyo hiyo. Mzazi wa Sirisia ambaye hajali takwimu za misitu anajali sana kwamba mwanawe apate mto, wenye maji na wenye matope, kama alivyoupata yeye na babu yake. Nadhani viongozi wetu wangeanzia hapo wangesikilizwa haraka kuliko kwa semina za hotelini Kitale.

Kwa atakayetaka kwenda, matatu za Endebess hutoka Kitale mapema, na kutoka Endebess bodaboda hufika Chorlim. Langoni omba askari wa kukuongoza, mwambie mapema kwamba unataka Makingeny na kijito cha juu yake, maana asipoambiwa atakupeleka Kitum na kukurudisha. Vaa viatu vinavyoshika, beba sweta na maji ya kunywa, na chakula usiwaachie mbega. Atakayebaki upande wa Bungoma anaweza kupanda kutoka Cheptais au Kapsokwony kuyatafuta maporomoko ya korongo za huko pamoja na kijana wa kijijini na kwa idhini ya ofisi ya misitu. Akifika asiishie chini. Apande hadi juu ya ukingo, atazame kilichobaki pande mbili za kijito, na akirudi amwambie diwani wake alichokiona. Mvua kubwa huanza mwishoni mwa Machi, wakulima wa Endebess wakiwa wanapanda, na kuanzia hapo hadi Novemba kila korongo litaonekana zima.